Kuomba Saini kwa Barua: Ushauri kwa Wanaowatafuta Wachezaji Wastaafu

Swali ni lile lile. Kijana wa skuli hapa Madungu aliniuliza, mtumishi wa afya kutoka Wete akaniuliza, na bibi mmoja wa Mkoani akaniuliza kwa niaba ya mjukuu wake: "Nina picha ya timu ya zamani. Mchezaji mwenyewe yuko Dar, au Unguja, au hata sijui yuko wapi. Nitaipataje saini yake bila ya kupanda boti?" Tangu Kombe la Mapinduzi lilipochezwa hapa hapa Pemba, uwanja wa Gombani, Januari 2025, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali, maswali yamezidi. Wazee wameanza tena kuhadithia vikosi vya zamani, na vijana wanataka kitu cha kuning'iniza ukutani.

Jibu langu fupi ni: andika barua. Jibu refu ni haya yanayofuata. Nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: saini haipatikani kwa ufundi wa kuomba. Inapatikana kwa kumrahisishia mzee wa watu kazi, na kwa kumpa yeye kitu kabla hujaomba chako. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni bahasha na stempu.

Kwani WhatsApp haitoshi?

Haitoshi. Saini iliyopigwa picha kwa simu inabaki kuwa picha. Wino hauko kwako. Simu ina kazi moja tu hapa, kumtafuta mtu na kumwomba ruhusa ya kumwandikia. Hata hapo uwe na adabu. Namba ya mzee usiichukue kwenye kundi la mashabiki ukaanza kumpigia saa nne za usiku. Mwombe aliye karibu naye, mwanawe au mchezaji mwenzake, amuulize kwanza.

Wengine husema watampa mtu anayesafiri. Sikatai, baina ya Chake na Unguja njia hiyo inafanya kazi. Lakini mtu anayekubebea bahasha kupitia Mkoani ana mizigo yake, ana watoto wake, na bahasha yako ndiyo itakayokaliwa. Akishashuka bandarini Malindi, huna tena wa kumuuliza imefika au haikufika. Posta inakupa risiti.

Anza na picha, usianze na mchezaji

Marekani mchezo huu wa kuomba saini kwa barua ni wa miaka mingi. Huko wanakusanya kadi ndogo za wachezaji wa besiboli zinazochapishwa kiwandani. Kampuni ya Topps ilitoa toleo lake mashuhuri mwaka 1952, na kadi moja ya Mickey Mantle ya toleo hilo iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Shabiki humpelekea mchezaji mstaafu kadi yake kwa posta, akatia na bahasha ya kurudishia, naye mzee husaini mezani kwake akairudisha. Utaratibu huo tunaweza kuuchukua kama ulivyo. Kinachopungua kwetu ni kadi. Besiboli yenyewe hapa nchini bado changa, inachezwa katika skuli chache kwa msaada wa Wajapani, Azania ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Soka ndiyo yetu, na wachezaji wetu wa zamani wako kwenye magazeti na kwenye albamu za majumbani.

Kwa hiyo kadi utaitengeneza mwenyewe. Picha utazipata:

- Nyumbani kwa watu. Uliza barazani. Karibu kila mtaa una mzee mwenye picha ya kikosi, wachezaji wamechutama mbele na kusimama nyuma, mpira katikati. Mwombe uipige picha hapo hapo mbele yake, usiondoke nayo.
- Kwenye magazeti ya zamani. Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, Unguja, zinafaa kwa anayeweza kufika.
- Kwenye studio kongwe. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa 1930 na ina hazina kubwa ya picha za Unguja ya zamani.
- Kwa familia ya mchezaji mwenyewe, ingawa hapo mara nyingi mambo huwa kinyume, kama nitakavyoeleza.

Ukishaipata, ipeleke studio ichapishwe. Mwambie fundi mambo matatu bila ya haya. Kwanza, karatasi isiyong'aa. Ile inayong'aa inapendeza, lakini wino unateleza juu yake na kidole kikipita saini imekwisha. Pili, aache ukingo mweupe chini ya picha, upana wa vidole viwili, mahali pa kusaini. Mzee asianze kutafuta pa kuandika juu ya fulana ya mwenzake. Tatu, nakala mbili.

Hizo nakala mbili ndizo siri ya kazi yote. Wachezaji wengi wa miaka ya 1970 na 1980 hawana picha zao wenyewe. Walihama nyumba, nyumba zilivuja, picha zikaazimwa na mwandishi wa habari ambaye hakurudi tena. Wapo waliocheza mbele ya maelfu ya watu na leo mjukuu hana cha kumwonyesha rafiki yake. Ukimpelekea mtu wa namna hiyo picha yake akiwa na miaka 24, miguu imekaza na nywele zimejaa, hujamwomba saini. Umemrudishia kitu chake. Saini inakuja yenyewe kama shukrani.

Onyo: picha ya asili haitumwi. Hata rejesta isikudanganye. Tuma nakala.

Usimpelekee mzee karatasi tupu

Hili nalitenga peke yake kwa sababu ndilo kosa linaloua barua nyingi, na wanaolifanya hawajui kwa nini hawajibiwi.

Vijana wanadhani karatasi nyeupe ni heshima: "Mzee, saini hapa tu." Jiweke wewe mahali pake. Una miaka 70, una kiwanja chenye mgogoro wa mirathi, una kitabu cha pensheni, na watoto wako wanakuambia kila siku usisaini chochote cha mtu usiyemjua. Inakuja bahasha kutoka Pemba, ndani yake karatasi tupu. Ungesaini? Mwanawe ataichana kabla haijamfikia, na atakuwa hakukosea.

Saini iombwe juu ya picha, juu ya picha tu, tena ile ambayo mtu akiitazama anaona wazi kuwa haiwezi kugeuzwa hati. Mwambie katika barua kuwa asiandike namba ya kitambulisho wala anwani yake juu ya picha. Jina tu linatosha. Na kama mzee anasaini kwa herufi za Kiarabu, kama wafanyavyo wazee wengi wa Visiwani, usimwombe aandike tena kwa herufi za Kirumi ili isomeke vizuri ukutani. Ile ndiyo saini yake.

Kumpata mtu

Hapa ndipo penye kazi. Tanzania barua haifiki mlangoni kwa kila mtu. Inafika kwenye sanduku. Kwa hiyo usitafute nyumba ya mzee. Tafuta sanduku analoweza kulifikia.

Jiulize kwanza alikuwa ameajiriwa wapi. Mpira wetu wa zamani uliishi kazini. Zanzibar mpaka leo timu nyingi ni za vikosi: KMKM, Mafunzo, Polisi, JKU, KVZ, Zimamoto. Mchezaji wa KMKM alikuwa askari wa kuzuia magendo kabla ya kuwa winga, na aliyestaafu kikosini wenzake wanajua anakaa wapi. Bara ni hivyo hivyo: bandari, reli, jeshi, polisi. Barua iliyoandikwa "kwa kupitia" kikosi au shirika alilofanyia kazi ina nafasi nzuri kuliko iliyoandikwa mtaa wa kubahatisha.

Baada ya hapo:

- Klabu yake. Yanga wako Jangwani, mtaa wa Twiga. Simba mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Klabu kubwa hupokea barua nyingi, kwa hiyo juu ya bahasha andika wazi kuwa ni ya mchezaji wa zamani, si ya malalamiko wala ya kuomba majaribio.
- Shirikisho. ZFF kwa wa Zanzibar, TFF kwa wa Bara. Wanaweza kukuelekeza hata kama hawatakupa anwani, na ni haki yao kutokuipa.
- Timu za maveterani. Hizi ndizo bora kuliko zote. Wazee wanaocheza Jumapili asubuhi wanajuana wote, pamoja na aliyeumwa na aliyehamia Tanga.
- Msikiti au kanisa lake, ukiwa na mtu wa kukutambulisha.

Kabla ya kununua stempu, hakikisha yu hai. Si maneno ya kupendeza lakini lazima yasemwe. Barua ya kuomba saini ikimfikia mjane ndani ya eda ni aibu isiyofutika. Uliza watu wawili wasiojuana.

Jina la bahasha na jina la uwanjani

Wachezaji wetu wanajulikana kwa majina ya mashabiki. Sunday Manara, aliyekwenda kucheza Uholanzi kwa Heracles Almelo mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa watu wa rika lake ni "Computer". Zamoyoni Mogella ni "Golden Boy". Nadir Haroub, nahodha wa zamani wa Yanga na mtoto wa Zanzibar, wengi wanamjua kwa "Cannavaro" tu. Karani wa posta hana kazi na majina hayo. Kwenye bahasha liwe jina kamili. La uwanjani lihifadhi kwa ajili ya barua, utaje mara moja, kwa mapenzi.

Na uliandike kama mwenyewe anavyoliandika. Khamis wa Pemba si Hamisi wa Morogoro. Ali si Ally. Haroub si Harubu. Ukikosea jina la mtu kwenye mstari wa kwanza, mstari wa pili unasomwa kwa jicho jingine.

Barua yenyewe

Iandike kwa mkono, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Macho ya miaka 70 hayataki mwandiko wa daktari. Usimsifu kupita kiasi; anajua alikuwa nani. Taja jambo moja la kweli alilolifanya. Kwa Peter Tino ni lile goli la Ndola mwaka 1979, la sare ya 1-1 na Zambia, lililoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za 1980 kule Lagos. Nchi ikaja kusubiri mpaka 2019 kurudi tena. Kwa Abdallah Kibadeni ni mabao matatu siku Simba ilipoifunga Yanga 6-0 mwaka 1977, ingawa kama wewe ni Yanga sijui utaanzaje barua hiyo.

Mfano wa barua ni huu, ubadilishe kwa hali yako:

*Mzee wangu Bwana (jina kamili),*

*Shikamoo. Natumai barua hii inakufika ukiwa mzima, wewe na wa nyumbani kwako.*

*Mimi ni (jina), mwalimu, naishi Madungu, Chake Chake. Mimi sikuwahi kukuona uwanjani; baba yangu alikuona, na mechi ya (taja) hakuna anayemaliza kuisikia tukikaa naye barazani.*

*Ndani ya bahasha hii mna picha mbili za kikosi chenu cha mwaka (taja). Moja ni yako, uiweke nyumbani. Ya pili naomba uisaini kwenye ukingo mweupe kwa kalamu niliyoiambatisha, kisha uirudishe katika bahasha ambayo nimeshaiandika anwani na kuilipia stempu. Ni kumbukumbu ya nyumbani kwetu, si ya kuuza.*

*Ikiwa hali hairuhusu, zote mbili zibaki kwako na usijisumbue kunijibu. Baba anakusalimu.*

*Mwanao, (jina, S.L.P., simu)*

Sehemu ya "usijisumbue" usiifute. Wasomaji wameniambia inampa mzee mwanya wa kukataa. Ndiyo, inampa, na mtu aliyepewa mwanya hasaini kwa kinyongo.

Kwenye salamu, angalia unamwandikia nani. "Assalaam alaykum" ni sawa kwa Mwislamu, lakini si kila mchezaji wa Taifa Stars alikuwa Mwislamu, na "Shikamoo mzee wangu" haimkosei mtu. Kwa mwanamke ni "Bi" au "Mama", kwa jinsi anavyojulikana kwao. Kwa aliyesomesha, "Maalim".

Bahasha ndani ya bahasha

Hatua ni hizi, na zifuate kwa mpangilio:

1. Nunua bahasha mbili za kaki. Ya nje iwe kubwa kidogo, ya ndani iingie bila ya kukunjwa. Ikibidi kukunja, kunja bahasha tupu, kamwe usikunje picha.
2. Kata vipande viwili vya karatasi ngumu kutoka kwenye boksi safi la dukani. Picha zikae katikati. Boksi la samaki au la mafuta ni balaa.
3. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli, taratibu, mwaka na jina la timu. Bopeni inaacha mfereji unaoonekana mbele.
4. Tia maka peni nyembamba ya wino usiofutika, nyeusi au buluu. Ijaribu kwanza kwenye picha iliyoharibika. Usiseme "kalamu anayo". Anayo bopeni, na bopeni haishiki kwenye picha.
5. Bahasha ya kurudishia iandike anwani yako kamili: jina, sanduku, Chake Chake, Pemba, na postikodi ya shehia yako. Posta wakupimie uzito wake ikiwa na picha moja na kipande cha karatasi ngumu ndani, ubandike stempu za kiasi hicho.
6. Funga ya nje, andika "PICHA, USIKUNJE" mbele na nyuma, na itume kwa rejesta.

Rejesta ina gharama zaidi, naijua hoja hiyo. Lakini inakupa namba ya kufuatilia, na inasainiwa na anayeipokea. Kwa bahasha ya kwenda naitaka. Kwa ya kurudi sitaki, kwa sababu rejesta inamlazimisha mzee kusimama foleni dirishani, na wewe umeahidi hutamsumbua. Ya kurudi iwe ya stempu za kawaida, aidumbukize tu au ampe mjukuu.

"Sina sanduku." Kuna njia tatu. Omba ruhusa ya kutumia sanduku la skuli, la ofisi au la msikiti, na uwaambie mapema kuwa unatarajia barua. Au shirikianeni watu kadhaa wa mtaa mmoja mkodi moja. Au waulize posta kuhusu Posta Kiganjani, huduma inayokuwezesha kuitumia namba yako ya simu kama sanduku.

Na usitie pesa ndani ya bahasha. Hata noti moja ya "soda ya mzee". Bahasha inayonukia pesa haifiki salama.

Kusubiri

Barua ina boti, ina masika, ina Ramadhani na ina uvivu wa mtu mzima anayesema "kesho". Usitume kuanzia katikati ya Shaaban mpaka Idd ipite. Watu wana mambo mengine. Baada ya hapo mpe miezi mitatu kamili kabla ya kufikiria lolote.

Miezi mitatu ikipita, barua moja fupi ya kumkumbusha, isiyo na lawama, wala isiyouliza "Ulipata?" Mwulize hali. Akiendelea kukaa kimya hata baada ya hapo, hilo ndilo jibu. Usimtafute kwa simu, usimtume mtu mlangoni, usimwandike kwenye mitandao kuwa "wazee wetu wana maringo". Nimeyaona hayo yakiandikwa juu ya mtu aliyekuwa amelazwa hospitali.

Akiomba pesa?

Wasomaji wengi wanalikasirikia hili. Mimi sikasiriki. Wachezaji wetu walicheza kwa posho na nauli, na baadhi yao wanaishi kwa shida. Marekani wapo wastaafu wanaotaja kabisa bei ya saini, na wengine huzipeleka pesa hizo kwa wahitaji.

Ila tenganisha mambo mawili. Mzee mwenyewe akikwambia kwa mdomo wake kuwa ana dawa ya kununua, ni hiari yako, na ukitoa usiseme ni bei ya saini. Lakini mtu wa tatu akikupigia akisema "mimi ni meneja wake, tuma kwanza elfu hamsini", kata simu. Wachezaji wa kikosi cha 1980 hawana mameneja.

Saini imefika: usiiharibu wewe

Pemba ni kisiwa cha unyevu. Picha inaanza kuota madoa, inagandamana na kioo, mende wanakula gundi. Fanya haya:

- Ukiifungua bahasha, iache picha mahali pakavu penye kivuli, uso juu, mchana mzima. Usiianike juani.
- Usipeleke kulaminiti. Narudia, kwa sababu kila mtu hapa akipata karatasi ya thamani anakimbilia mashine ya kulaminiti. Moto wake unaweza kuuyeyusha wino wa maka peni, na plastiki ikishashika haitoki tena bila ya kuondoka na picha.
- Ukiitia kwenye fremu, kuwe na nafasi baina ya kioo na picha. Fundi aweke ukingo wa karatasi nene.
- Itundike ukuta wa ndani, usio na jua na usiopata mvua kwa nje.
- Ambazo huzitundiki ziweke kila moja katika karatasi safi, ndani ya kopo linalofunga, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.
- Bahasha iliyokuja nayo usiitupe. Mhuri wa posta na mwandiko wake ndio ushahidi kuwa saini ni ya kweli. Ihifadhi nyuma ya picha hiyo hiyo.

Kisha mwandikie barua ya shukrani wiki hiyo hiyo. Bila ombi jipya ndani yake, tafadhali. Kuna vijana wanaomshukuru mtu mstari wa kwanza na mstari wa pili wanaomba saini ya rafiki yake.

Wachezaji wa ng'ambo

Nitapita haraka, maana ugumu uko mahali pamoja tu: stempu za Tanzania hazirudishi barua kutoka nchi nyingine. Mzee wa Uingereza hawezi kutumia stempu yako. Dawa ni ndugu aliye huko. Familia nyingi za Pemba zina mtu Muscat, London au Toronto. Mpelekee picha na barua yako kwa mkono wa msafiri, yeye aandae bahasha ya kurudishia yenye anwani yake na stempu ya huko, kisha akuletee akija likizo. Marekani ipo stempu iitwayo Global Forever, inayotosha barua nyepesi kwenda nchi yoyote; ndugu akikutumia hiyo unaweza kuibandika mwenyewe, lakini kumbuka ni ya barua, picha yenye karatasi ngumu itazidi uzito.

Kwa jamaa wa Oman, anayeulizwa sana ni Ali Al-Habsi, kipa wa zamani wa Bolton na Wigan, aliyekuwa langoni Oman ilipolitwaa Kombe la Ghuba la 2009 hapo kwao Muscat na akastaafu 2020. Barua iwe ya Kiarabu ukiweza. Kiingereza pia kinafaa kwake. Ujerumani nako ni rahisi kuliko unavyodhani: klabu za huko huchapisha zenyewe kadi za wachezaji kwa ajili ya kusainiwa, na huzituma kwa anayeleta bahasha yenye stempu.

Na wanawake je?

Karibu kila barua inayonifikia inataja wanaume watupu. Wachezaji wa netiboli wa Zanzibar wa miaka ya 1980 wako mitaani mwetu, ni walimu wastaafu, wauguzi wastaafu, na hakuna aliyewahi kuwaomba chochote. Wako pia wanasoka wa Women Fighters wa Unguja, walioonekana katika filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya Florence Ayisi, ya mwaka 2007. Hapa ongeza tahadhari moja: baadhi ya waliocheza kwa kaptura ujanani leo hawapendi picha hizo zitembee. Kabla ya kutuma, mtume mwanamke wa kwenu akaulize. Akisema hataki, zile nakala ni zake, mpe.

Hoja mbili za mwisho

"Nikiuza je?" Ukimwambia mzee huuzi, huuzi. Ukitaka kuuza, mwambie tangu barua ya kwanza na muelewane. Soko lenyewe hapa kwetu bado dogo mno. Wanaoniuliza bei kwa kawaida hawajapata hata saini moja.

"Nianze na nani?" Usianze na Leodegar Tenga, ambaye baada ya kuwa nahodha wa Taifa Stars alikuja kuwa rais wa TFF na ana barua za kutosha. Anza na aliyechezea Jamhuri ya Wete au Chipukizi, anayekaa safari moja ya daladala kutoka kwako. Mtumie kwa posta hivyo hivyo, ingawa ungeweza kumfuata kwa miguu, ili uone bahasha inachukua muda gani, stempu zinatosha au hazitoshi, na maka peni inashika au haishiki. Ukikutana naye baadaye Gombani atakwambia mwenyewe barua yako ilikosa nini. Hapo ndipo uandike Dar.